Sayyid Barghash bin Said: Picha Imebaki, Pwani Ikagawanywa



Juzi baada ya swala ya Ijumaa mpwa wangu alinijia na simu yake mkononi. Katika kundi lao la WhatsApp kumeingia picha ya zamani, nyeusi na nyeupe iliyogeuka rangi ya chai. Ndani yake mna mtu mzima amekaa kitini, kilemba kikubwa kichwani, joho limemfunika hadi miguuni, ndevu zimetunzwa vizuri, macho yakitazama mbele bila kupepesa. Pembeni yake wapo wanaume wengine wa makamo, nao wamevaa vivyo hivyo. Chini mtu ameandika kwamba hao ni wafanyabiashara wa Kiarabu wa Mombasa. Wengine wamebisha wakasema ni masultani wa Oman. Mmoja ameapa kuwa huyo aliyekaa ni babu yake mzaa babu.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba yule hakuwa mfanyabiashara wa Mombasa, wala si babu wa mwenzake. Yule ni Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Unguja na Pwani yote hii, na picha ile haikupigwa Unguja wala Mombasa. Ilipigwa London mwaka wa 1875, katika studio ya Maull, na nakala yake imehifadhiwa hadi leo katika jumba la picha za watu mashuhuri la Uingereza, National Portrait Gallery. Akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: kama alikuwa mtawala wetu, mbona yeye hajawahi kusikia jina lake shuleni hata siku moja?

Sikuwa na jibu zuri. Basi leo tumweleze Sayyid Barghash, kwa mazuri yake na mabaya yake, tukifuata michoro na picha zilizobaki. Anayeishi leo Vanga, Gazi, Likoni, Takaungu, Malindi au Lamu anaishi ndani ya mipaka iliyochorwa wakati wa mtu huyu, na sehemu kubwa ilichorwa bila ridhaa yake.

Mtoto wa Mtoni

Sayyid Barghash alizaliwa karibu mwaka wa 1837, mmoja katika watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamisha utawala wake kutoka Muscat kuja Unguja. Mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hili si jambo la aibu wala si siri. Takriban watoto wote wa Sayyid Said walizaliwa na masuria, na kwa sheria yetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni mtoto huru kama wengine. Lakini lafaa likumbukwe tutakapofika kwenye habari za utumwa, kwani mtu huyu aliyelaumiwa kwa biashara hiyo alikuwa na damu ya Afrika upande wa mamake.

Tangu ujana wake alikuwa mtu mwenye haraka ya kutawala. Mwezi Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki dunia baharini, ndani ya jahazi lake la kivita lililoitwa Victoria, akiwa safarini kutoka Oman. Barghash alikuwa pamoja naye. Badala ya kumzika baharini kama ilivyo desturi ya mabaharia, aliuhifadhi mwili wa babake hadi Unguja, akauteremsha usiku na kuuzika. Usiku huo huo alijaribu kuishika ngome na kuutwaa ufalme kabla watu hawajapambazukiwa na msiba. Hakufaulu. Ndugu yake Majid ndiye aliyekuwa ameachiwa mji, naye ndiye aliyekalia kiti.

Miaka mitatu baadaye, 1859, alijaribu tena. Safari hii alikuwa na watu wa kabila la Harthi nyuma yake, na ndani ya jumba alikuwa na dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme. Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano tu, lakini alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa jumba la kifalme wakati ule. Ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash, dada zake walimtoa humo akiwa amejifunika nguo za kike, akakimbilia shamba lililoitwa Marseille. Majid aliomba msaada wa Waingereza, mabaharia wao wakaja na mizinga, na shamba likaharibiwa. Barghash alirudi mjini, akajisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Alikaa huko kama miaka miwili. Bombay ilikuwa mji mkubwa wa biashara chini ya Waingereza, wenye reli, viwanda na mitambo ya uchapishaji. Kijana aliyelelewa katika majumba ya Mtoni aliona huko namna mji unavyoweza kuendeshwa, na mambo mengi aliyoyafanya baadaye Unguja yalifanana na aliyoyaona Bombay.

Kiti chenye miba

Majid alifariki mwezi Oktoba 1870 na Barghash akashika utawala. Alipokea nchi iliyokuwa ikitajirika kwa karafuu, pembe za ndovu na, tuseme ukweli, kwa watu waliouzwa. Hakupata nafasi ya kupumua. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka, majahazi yakavunjika bandarini, na hata vyombo vya kivita vya Sultani vikaangamia. Pemba iliokoka, ndiyo maana hadi leo jina la karafuu limefungamana zaidi na Pemba kuliko Unguja.

Mwaka uliofuata, Januari 1873, Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kuja kumtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Alieleza kwamba nchi yake imetoka kuharibiwa na kimbunga, na kwamba waungwana na wenye mashamba watamgeuka. Frere aliondoka mikono mitupu. Lakini Balozi wa Uingereza, John Kirk, alibaki, na baada ya miezi michache akamwonyesha Barghash kwamba akikataa, manowari zitaufunga mji usipate kuingia wala kutoka kitu. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini. Soko la watumwa la Mji Mkongwe likafungwa, na mahali pake Wakristo wa misheni ya Kiingereza wakaanza kujenga kanisa lao kubwa ambalo wageni hulitembelea hadi leo.

Wengi wetu hapa Pwani hupenda kuruka ukurasa huu, lakini hauruki mtu akabaki mkweli. Soko lile lilikuwa letu. Waliouzwa pale walikuwa binadamu, wengi wao Waislamu wajukuu zao leo, tunaoswali nao safu moja na kuoana nao. Barghash hakulifunga soko kwa kuamka asubuhi akajuta. Alilifunga kwa sababu mizinga ilikuwa baharini. Pamoja na hayo, alipotia saini alitekeleza. Mwaka 1876 alitoa amri nyingine ya kupiga marufuku misafara ya watumwa ya bara, na amri hiyo ilimletea maadui wengi katika Pwani yake mwenyewe.

Walioeneza habari hizi Ulaya hawakuwa waandishi peke yao, bali na wachoraji pia. Magazeti kama Illustrated London News na The Graphic yalikuwa yakichapisha michoro kila wiki, na ujumbe wa Frere ulichorwa pia. Wakati ule gazeti halikuweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja. Mchoraji alichora kwa kuangalia, au kwa kufuata picha ya kamera, au kwa kusimuliwa. Kisha mafundi wakachonga mchoro huo juu ya vipande vya mti mgumu, na kile kibao ndicho kilichopakwa wino na kuchapwa. Kwa hivyo kati ya Sultani mwenyewe na msomaji wa London palikuwa na mikono miwili au mitatu, kila mmoja akiongeza au kupunguza. Pua ikarefushwa, uso ukatiwa weusi au ukapunguzwa, jambia likawa kubwa kuliko mtu. Anayeitazama michoro ile leo katika hifadhi za picha na akumbuke kwamba mchongaji wa mti hakuwahi kufika Unguja.

Mizinga juu ya Ngome, picha London

Mwaka wa 1875 una mambo mawili ambayo watu wa Mombasa wangepaswa kuyaweka pamoja.

La kwanza ni la mwezi Januari. Kamanda wa Ngome ya Mombasa, Muhammad bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la al-Akida, alimwasi Barghash na kujifungia ndani ya Ngome. Barghash hakuwa na uwezo wa kumtoa. Manowari mbili za Waingereza zilikuja zikaipiga Ngome kwa mizinga mpaka al-Akida akasalimu amri. Ngome ile ile iliyozingirwa na majeshi ya Imamu wa Oman kwa karibu miaka mitatu mpaka Wareno wakatolewa mwaka 1698, safari hii ilipigwa na Wazungu kwa niaba ya Sultani wa Kiislamu. Kwa wazee wetu wa Mombasa, hasa wa upande wa Mazrui ambao utawala wao ulivunjwa na Sayyid Said mwaka 1837, tukio hili lilionyesha ni nani aliyekuwa akiishika Pwani hasa. Bendera nyekundu ilikuwa ya Sultani, na mizinga ilikuwa ya watu wengine.

La pili ni la katikati ya mwaka huo huo. Barghash alisafiri kwenda Uingereza akiwa na wazee wa baraza yake. Kirk alikuwa pamoja nao, na mkalimani wao alikuwa George Percy Badger, padri aliyeijua sana lugha ya Kiarabu. Alipokewa kwa heshima zote. Alionana na Malkia Victoria huko Windsor. Alionyeshwa viwanda vya Birmingham, Manchester na bandari ya Liverpool, akaonyeshwa mizinga na askari. Kisha akapita Ufaransa na Misri kabla ya kurudi nyumbani. Habari za safari hiyo zilikusanywa na mwandishi wake, Zahir bin Said, katika kitabu cha Kiarabu kilichochapishwa miaka michache baadaye. Kwa hivyo hatuna macho ya Wazungu tu juu ya safari ile. Tuna na macho ya mtu wa kwetu aliyekuwa akiwatazama Wazungu.

Na hapo ndipo ilipopigwa ile picha iliyoingia katika simu ya mpwa wangu. Kamera za wakati ule zilimtaka mtu atulie tuli, kwani ukitikisika uso unaharibika. Barghash ametulia. Hakuvaa koti la Kizungu wala medali za kuazima. Amevaa kama anavyovaa mwenye baraza Unguja siku ya Idi. Wapo masheikh wa zama zile, na wapo hata leo, walioona picha ni jambo la karaha. Sitaingia katika mjadala huo hapa. Ninachosema ni kwamba Barghash alijua kuwa watu wanaomchora watamchora tu, atake asitake, naye akachagua kukaa mwenyewe mbele ya kamera, kwa mavazi yake mwenyewe.

Heshima zile hazikumfaa sana. Hata hakupita mwaka. Mwezi Oktoba 1875, jeshi la Khedive Ismail wa Misri liliteremka Kismayu na Barawa, miji iliyokuwa chini ya Barghash. Waislamu wenzake ndio waliokuja kumnyang'anya. Aliyewaondoa ni shinikizo la Uingereza. Kila mara Barghash alipookolewa, deni lake kwa mwokozi lilizidi.

Mjenzi

Hata hivyo, katika miaka iliyofuata alijenga kuliko mtawala yeyote aliyemtangulia au aliyemfuata. Alivuta maji safi kutoka chemchemi za kaskazini ya mji hadi Mji Mkongwe, maskini na tajiri wakateka bila malipo. Mji uliokuwa ukisombwa na kipindupindu kila baada ya miaka ukapata nafuu kubwa. Alinunua meli za moshi zilizobeba mizigo na abiria kati ya Unguja na Bombay, ili biashara isitegemee meli za wengine tu. Alianzisha jeshi la kisasa chini ya afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews, mwaka 1877. Alileta mtambo wa kuchapisha vitabu kwa herufi za Kiarabu, na vitabu vikubwa vya fiqhi ya madhehebu ya Ibadhi vikachapwa Unguja na kusambaa hadi Oman na Afrika Kaskazini. Tunapojiona nyuma katika mambo ya uchapishaji, tukumbuke kwamba Unguja ilikuwa na matbaa yake kabla ya mwaka 1890.

Alijenga majumba pia: Marhubi, Chukwani, na mwaka 1883 lile kubwa kuliko yote, Beit al-Ajaib, jumba la baraza pana na nguzo ndefu za chuma, mkabala na bahari. Mbele yake ulisimama mnara. Picha za jumba hilo ni nyingi, kwa sababu wakati huo Unguja ilishapata wapiga picha wake. Wagoa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho walifungua studio mjini, na kadi zao za picha zilinunuliwa na kila abiria aliyeteremka melini. Picha hizo leo zimetapakaa duniani. Mkusanyo mmoja mkubwa, uliokusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton, uko katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, na una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki.

Manufaa ya picha hizo yanaonekana ukizipanga kwa miaka. Katika za mwanzo, mnara uko mbele ya Beit al-Ajaib na jumba la Beit al-Hukm liko ubavuni. Katika zilizopigwa baada ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa moja, mnara haupo na Beit al-Hukm limekuwa kifusi. Beit al-Ajaib lilibaki limesimama. Likabaki mpaka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake kubwa ilipoporomoka na watu wawili wakafa. Mafundi wanaotaka kulirudisha kama lilivyokuwa, moja katika mambo ya kutazama ni picha za Wagoa wale.

Pwani inakatwa

Mwisho wa maisha ya Barghash ulikuwa mchungu. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alipita bara ya Tanganyika akiwawekesha machifu saini kwenye karatasi wasizozisoma. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazipa karatasi hizo ulinzi. Mwezi Aprili ikamchukua chini ya ulinzi wake pia Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, hasimu wa siku nyingi wa Busaidi upande wa Lamu. Barghash alipinga kwa barua. Mwezi Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga.

Ndani ya msafara ule wa meli alikuwemo dada yake, Salme. Yule msichana mwandishi wa njama za 1859 alikuwa amekimbia Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, akawa mjane Hamburg na watoto watatu wadogo. Alikuja kudai urithi wake, na Wajerumani walimleta kwa sababu zao wenyewe. Barghash alikataa kumwona. Kwake dada yule alikuwa ametoka katika dini, na sasa alikuja na mizinga. Bibi Salme pia ana picha yake maarufu, aliyopigwa Hamburg akiwa amevalia nguo za kifalme za Unguja, na leo picha yake inajulikana kuliko ya kakake. Watu wawili waliozaliwa nyumba moja, waliokula njama moja, walikuwa bandari moja wasionane. Kwa mtu mwenye ndugu, hilo ni zito kuliko mikataba yote.

Barghash alimtegemea Kirk, rafiki wa miaka mingi. Lakini serikali ya London ilikuwa na haja na Ujerumani kuliko na Unguja, na Kirk akaagizwa amshauri Sultani akubali. Ikaundwa tume ya mataifa ya Ulaya kupima nchi ya Sultani inaishia wapi. Mwakilishi wa Uingereza alikuwa Herbert Kitchener, ambaye baadaye alipata jina Sudan. Katika tume hiyo kura zilikuwa za Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Mwenye nchi hakupewa kura.

Mwisho wa mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana. Sultani aachiwe visiwa, na katika bara aachiwe ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini, kuanzia kusini hadi Kipini, pamoja na miji kadhaa ya Benadir. Nyuma ya ukanda huo, mstari ukavutwa kutoka mdomo wa mto Umba kupita chini ya Kilimanjaro hadi ziwa kuu. Kaskazini kwa Mwingereza, kusini kwa Mjerumani. Mstari ule ndio ulioacha Vanga upande huu na Tanga upande ule, ilhali watu wake ni ndugu wa damu, na ndio mpaka wa Kenya na Tanzania hadi leo. Barghash aliukubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1887, Wareno nao wakamnyakulia Tungi kusini.

Tarehe 24 Mei 1887 alitia saini hati nyingine, akiwakodisha Waingereza uendeshaji wa Pwani kutoka Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Kampuni hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ukodishaji huo ukazaa mkataba wa 1895, na ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Mombasa mpaka Desemba 1963. Mazungumzo ya Mwambao ya miaka ya sitini, yale ambayo wazee wetu huyaongelea kwa sauti ya chini, yaliihusu hati ambayo mzizi wake ni saini ya Barghash.

Mwanzoni mwa 1888, akiwa mgonjwa, alisafiri kwenda Oman kutafuta afya katika chemchemi za maji moto. Hakupona. Alirudi Unguja na mwezi Machi 1888 akafariki, akiwa na umri wa kama miaka 50. Amezikwa katika makaburi ya familia yake Mji Mkongwe. Ndugu yake Khalifa akamrithi, na ndani ya muda mfupi Pwani ya kusini ikaingia mikononi mwa Wajerumani.

Tumsome vipi?

Nimewasikia wanaomtaja Barghash kama shujaa aliyesalitiwa, na nimewasikia wanaomtaja kama mfanyabiashara ya watumwa na mwisho. Kila upande una picha yake unayoipenda. Wa kwanza hutuma ile ya London, wa pili hutuma michoro ya minyororo. Mimi naona hawa wote wameshika kipande. Barghash alitawala nchi iliyojengwa juu ya migongo ya watumwa, na aliyaacha hayo kwa kulazimishwa. Huyu huyu alileta maji, matbaa na meli. Aliita mizinga ya Waingereza iipige Mombasa, na miaka kumi baadaye akajikuta mbele ya mizinga ya Wajerumani, Waingereza wakitazama. Aliyekubali kusaidiwa na mwenye nguvu dhidi ya watu wake hakubaki na watu siku mwenye nguvu alipogeuka. Hilo ni somo hata kwa viongozi wetu wa Pwani wa leo, na sihitaji kumtaja mtu.

Lakini kuna la pili, na hili ni letu sote. Picha za Barghash zipo kwa sababu kuna watu, mbali na hapa, walioziandikia tarehe nyuma, wakaziweka kwenye sanduku kavu, wakazipa namba. Za kwetu zipo chini ya vitanda, ndani ya sanduku za bibi zetu, zikiliwa na unyevu wa bahari. Nimeona mwenyewe, baada ya matanga, picha za nusu karne zikitupwa pamoja na magodoro. Hakuna aliyejua walioko ndani yake ni akina nani, kwa hivyo hakuna aliyezionea uchungu.

Basi nina ombi dogo. Wiki hii, kaa na mzee wa nyumbani kwenu, mama, nyanya au ami, mshushe lile sanduku. Chukua penseli laini, si kalamu ya wino, na nyuma ya kila picha andika jina, mji na mwaka, hata ukiwa wa kukisia. Ipige kwa simu uwe na nakala. Kisha ukiona picha ya zamani inapita kwenye kundi lenu ikiwa na jina la uongo, usinyamaze. Mtu aliyekaa mbele ya kamera ya London mwaka 1875 alikuwa na jina, na waliobeba maji ya mji wake kabla hajaleta mifereji nao walikuwa na majina, ila hao hakuna aliyewaandika.

Mpwa wangu alirudi kwenye kundi lao akaandika jina sahihi. Ameniambia kwamba yule aliyeapa kuwa ni babu yake bado anabisha.

Mola awarehemu waliotutangulia, na atupe sisi uangalifu wa kuwakumbuka kwa haki. Wallahu a'lam.